Mwanga na mkono wa Mtoto: Namna ya kuisoma picha ya Mama wa Msaada wa Daima

MACALDER, mji mdogo wa Nyatike katika Kaunti ya Migori, ni jina lililofungamana na dhahabu. Mgodi uliokuwa hapo ulitoa shaba, dhahabu na fedha hadi ulipofungwa mwaka 1966, na tangu hapo wachimbaji wadogo wameendelea kuyafuata mawe yale yale kwa sururu na tochi. Anayeshinda shimoni huijua dhahabu kwa uzito wake na kwa bei yake. Anajua pia kwamba gizani dhahabu haionekani. Sharti imulikwe ndipo ing'ae.

Iko dhahabu nyingine ambayo mchimbaji huyo huyo, akiwa Mkatoliki, huenda anaiona kila arudipo nyumbani asiitilie maanani. Imo katika picha ya Mama wa Msaada wa Daima. Humo Bikira Maria amempakata Mtoto Yesu, na nyuma yao pote pamejaa rangi ya dhahabu. Ni miongoni mwa picha za kidini zilizonakiliwa kwa wingi zaidi duniani. Hutundikwa sebuleni, huchapishwa kwenye kadi za sala na kalenda, tena hubebwa katika maandamano ya waumini.

Hata hivyo, kitu kinachoonekana kila siku ndicho huwa rahisi zaidi kutotazamwa. Mwulize mtu aliyesali mbele ya picha hii kwa miaka ishirini kwamba Mtoto anatazama wapi, au mguuni ana nini, na yamkini atasita kabla ya kujibu. Wengi watasema wanachokumbuka ni mama mtulivu na mtoto aliye salama mikononi mwake. Kumbe mtoto huyo ana hofu, na mchoraji aliichora hofu hiyo kwa makusudi.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kuisoma picha hiyo kwa kufuata mambo mawili ambayo wachoraji wa picha takatifu wameyategemea kwa karne nyingi, yaani mwanga na ishara za mwili. Mwanga humwambia mtazamaji mtoto huyu ni nani. Mkono humwambia mtoto anahisi nini. Katika picha hii mambo hayo mawili hayasemi neno moja, na humo ndimo uzito wake ulimo.

ASILI YA PICHA

Picha ya awali si kubwa. Imechorwa juu ya ubao, na urefu wake ni takriban sentimita 54 kwa upana wa sentimita 41. Wataalamu huihusisha na wachoraji wa kisiwa cha Krete, ambacho wakati huo kilikuwa chini ya utawala wa Venice. Wachoraji hao walirithi utaratibu wa Kanisa la Mashariki, ambamo picha takatifu, au ikoni, ilichorwa kwa kufuata kanuni zilizopokewa kutoka kizazi hadi kizazi. Mmoja wa mabingwa wa Krete katika karne ya 15, Andreas Ritzos, anajulikana hasa kwa picha za aina hii, ambazo humwonyesha Mtoto akikutana na habari za mateso yake angali mchanga.

Masimulizi ya kale husema kwamba mfanyabiashara mmoja aliichukua picha hiyo Krete na kuifikisha Roma, na kwamba kabla ya kufa aliomba iwekwe kanisani. Mnamo Machi 27, 1499, iliwekwa katika Kanisa la Mtakatifu Mathayo mjini Roma. Ilikaa humo karibu miaka mia tatu. Kanisa hilo lilipobomolewa mwaka 1798, wakati majeshi ya Ufaransa yalipoutawala mji, watawa Waagustino waliihamisha, na hatimaye ikawa katika kikanisa kidogo ambako ilikaribia kusahauliwa.

Mambo yalibadilika mwaka 1866. Papa Pio wa Tisa aliikabidhi kwa watawa wa Shirika la Mkombozi, maarufu kama Waredemptoristi, akiwataka waifanye ijulikane ulimwenguni. Waliiweka katika Kanisa la Mtakatifu Alfonso, lililojengwa karibu na mahali lilipokuwa lile lililobomolewa, na hadi leo iko hapo. Nakala zake zilisafiri na wamisionari hadi mabara yote. Ndiyo sababu picha iliyozaliwa katika kisiwa cha Mediterania imekuwa mali ya kawaida ya nyumba za Afrika Mashariki.

DHAHABU ISIYO NA KIVULI

Mtazamaji aanze na usuli wa picha, yaani kile kilicho nyuma ya watu. Hakuna mlima, nyumba, mti wala anga. Kuna dhahabu tupu.

Wachoraji wa ikoni walikuwa na utaratibu wao. Ubao ulipakwa tabaka za chokaa laini iliyochanganywa na gundi, kisha ukasuguliwa hadi ukawa kama jino la ndovu. Palipokusudiwa kung'aa palibandikwa dhahabu halisi iliyofuliwa ikawa nyembamba kuliko ganda la kitunguu, halafu ikasuguliwa kwa jiwe gumu mpaka ikametameta. Rangi nyingine zilikuwa za unga, na zilikorogwa kwa kiini cha yai ili zishike.

Dhahabu hiyo haikuwekwa kwa ajili ya fahari peke yake. Katika fikra za wachoraji hao, dhahabu ilisimama mahali pa mwanga wa Mungu. Mwanga wa jua huja kutoka upande mmoja na kuacha kivuli upande wa pili. Huchomoza, hupanda, na jioni huzama. Mwanga wa ikoni hauna upande wala saa. Hauanguki juu ya watu, na ndiyo maana Bikira Maria na Mtoto hawana kivuli nyuma yao. Wao wamo ndani yake, kama samaki walivyo ndani ya maji.

Hali kadhalika, mchoraji alipitisha nyuzi nyembamba za dhahabu katika mikunjo ya mavazi. Katika mchoro wa kawaida, mkunjo wa nguo huonyeshwa kwa weusi na weupe, upande wenye jua na upande wenye kivuli. Hapa mkunjo huonyeshwa kwa mistari ya dhahabu, kana kwamba mwanga unatoka katika kitambaa chenyewe. Vichwa vya Mama na Mtoto vimezungukwa na duara la nuru. Kwa maneno mengine, kabla ya kuuona uso wa mtoto huyu, mtazamaji amekwisha kuambiwa kwamba anayemwona ni zaidi ya mtoto wa kawaida.

Nakala zilizochapishwa kwa wino zimepoteza mengi katika jambo hili. Dhahabu halisi hubadilika kadiri mtu anavyosogea. Mbele ya mshumaa unaotikisika huonekana kama inapumua. Ikishachapishwa karatasini hugeuka manjano iliyotulia, nayo manjano hiyo ikikaa ukutani miaka mingi hufifia ikawa kama rangi ya majani makavu. Mtu anayeijua picha hii kupitia kalenda tu anaweza kudhani usuli wake ni pambo. Mchimbaji wa Macalder, ambaye ameiona dhahabu ikiwaka ghafla chini ya tochi yake, ana nafasi nzuri zaidi ya kumwelewa mchoraji wa Krete kuliko wasomi wengi.

MIKONO MIWILI NA KIATU KINACHODONDOKA

Sasa tugeukie ishara. Juu ya mabega ya Bikira Maria kuna malaika wawili wadogo. Kushoto kwa mtazamaji ni Mikaeli, ambaye amebeba chombo pamoja na mkuki na sifongo, vitu vinavyotajwa katika habari za kusulubiwa. Kulia ni Gabrieli, naye amebeba msalaba na misumari. Malaika hao hawakuvigusa vitu hivyo kwa mikono mitupu. Mikono yao imefunikwa kwa nguo, kwa heshima, kama watu wanaobeba vyombo vitakatifu.

Mtoto amewaona. Amepakatwa katika mkono wa kushoto wa mama yake, lakini kichwa amekigeuza kuelekea upande wa Gabrieli, na shingo yake imejipinda kama ya mtoto aliyeshtushwa na kishindo nyuma yake. Mwili unaelekea huku, macho yanaelekea kule. Miguu nayo imepishana. Kutoka mguu wa kulia kiatu kimefunguka na kinaning'inia kwa ukanda wake, karibu kudondoka.

Kiatu hicho kimefasiriwa kwa namna mbalimbali. Wapo wanaokumbuka Kitabu cha Ruthu, sura ya 4, ambapo kuvua kiatu na kumpa mwenzio kulikuwa ishara ya kukomboa mali. Kwa hao, kiatu kinatangaza ukombozi. Wengine wanakiona kwa macho ya mzazi tu. Mtoto ameogopa, ameruka na kumkimbilia mama yake, na katika haraka hiyo kiatu kimemtoka. Fasiri hizi mbili hazigombani. Mtu anaweza kuzishika zote pamoja, sawa na mtu anayesikia methali akaelewa maana yake ya nje na ya ndani kwa mara moja.

Ishara kuu zaidi ni ya mikono. Mtoto ameushika mkono wa kulia wa Bikira Maria kwa mikono yake yote miwili. Ni mshiko ambao kila aliyelea mtoto anaufahamu. Mtoto mdogo akiingiwa na hofu hatafuti kiganja kizima, maana vidole vyake havikienei. Hushika kidole, na hung'ang'ania hicho hicho.

Na Mama je? Hapa ndipo msomaji wa picha anapotakiwa kwenda polepole. Mkono wa Bikira Maria haujafumba. Haukuifunika mikono ya mwanawe wala haukumvuta kifuani. Vidole vyake vimenyooka, na katika kanuni za ikoni vidole hivyo humwelekeza mtazamaji kwa Mtoto. Mama anamwacha mtoto amshike, lakini yeye hamfungi. Isitoshe, hamtazami. Macho yake yanatutazama sisi, na ndani yake mna huzuni ya mtu ajuaye jambo ambalo hawezi kulizuia.

Hapo ndipo mwanga na ishara vinapoachana. Dhahabu inasema kwamba huyu ni wa milele na hakuna giza linaloweza kumfikia. Mikono inasema kwamba huyu ni mtoto, ameuona msalaba, na anaogopa. Mchoraji angeweza kuiondoa hofu ili picha ipendeze zaidi. Angeweza pia kuiondoa dhahabu ili huzuni ienee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliviweka vyote viwili katika ubao usiozidi upana wa sinia, akamwachia mtazamaji avibebe pamoja.

WALIVYOCHORA WENGINE

Si wachoraji wote walioutumia mwanga kwa namna hiyo. Kuwalinganisha kidogo kutatusaidia kuona upekee wa picha yetu.

Katika Ulaya ya Magharibi, tangu karne ya 14, maono ya Mtakatifu Birgita wa Uswidi, aliyefariki mwaka 1373, yaliathiri sana michoro ya Noeli. Alieleza kwamba Mtoto alipozaliwa alitoa nuru iliyoushinda mshumaa wa Yosefu. Wachoraji waliipokea habari hiyo na kumfanya Mtoto awe taa ya picha nzima. Mfano mashuhuri ni mchoro wa Mwitaliano Correggio, aliouchora karibu mwaka 1530 na ambao sasa uko Dresden, Ujerumani. Ni usiku. Mtoto amelala juu ya majani makavu na mwanga wote unatoka kwake. Mwanamke mmoja aliyekuja kutazama amejikinga uso kwa mkono kwa sababu nuru inamuumiza macho, ilhali Bikira Maria anamwinamia mwanawe na kutabasamu bila kupepesa. Hapo mkono wa mwanamke ndio unaotuthibitishia ukali wa mwanga.

Mfaransa Georges de La Tour, aliyeishi kati ya mwaka 1593 na 1652, alifuata njia nyingine. Mchoro wake wa Mtakatifu Yosefu seremala, ulioko katika jumba la makumbusho la Louvre mjini Paris, unamwonyesha mzee akiwa ameinama akitoboa boriti kwa keekee. Mbele yake ameketi Yesu mtoto akimshikia mshumaa. Mkono mmoja umeubeba mshumaa, na mwingine unaukinga mwali usizimwe na upepo. Mwanga unapenya katika vidole hivyo vya mtoto hadi nyama yake inaonekana nyekundu na kucha zake zinaonekana zilivyo, na uchafu wa karakana ukiwamo. Hakuna duara la nuru kichwani. Utakatifu wote umehamia katika mkono unaoangaza kwa ndani. Kila mtoto aliyewahi kumshikia babake tochi usiku, akionywa asiitikise, anaijua kazi hiyo. Wala hahitaji kuambiwa kwamba boriti iliyolazwa sakafuni inakumbusha msalaba.

Upande wa Waprotestanti, ambao kwa kawaida hawaweki sanamu wala ikoni makanisani, picha ya mtoto iliyosambaa sana vitabuni na majumbani ni ya Samueli mdogo, iliyochorwa na Mwingereza Joshua Reynolds karibu mwaka 1776. Mtoto amepiga magoti, mikono ameikutanisha, na uso ameuinua kuelekea miale inayoshuka kutoka juu. Ni kisa cha Kitabu cha Kwanza cha Samueli, sura ya 3, mtoto anapoitwa usiku. Hapo mwanga ni mwito na mikono ni jibu.

Basi tuna njia nne. Kwa Reynolds mwanga humshukia mtoto, kwa Correggio hutoka kwake, kwa La Tour huwa mkononi mwake, na katika ikoni humzunguka pande zote bila kuwa na chanzo. Katika zile tatu za kwanza, mwili wa mtoto unakubaliana na mwanga. Ni katika ikoni ya Krete peke yake ambamo mtoto amezungukwa na nuru yote hiyo na bado anatetemeka.

MTOTO KATIKA ARDHI YA AFRIKA

Itakuwa makosa kudhani kwamba Afrika Mashariki ilingoja picha kutoka Roma. Nchini Ethiopia, wachoraji walikuwa wakimchora Maria na Mwanawe kabla ya nakala za Waredemptoristi kufikiriwa. Mfalme Zara Yaqob, aliyetawala kuanzia mwaka 1434 hadi 1468, alihimiza sana ibada ya Bikira Maria, na katika enzi yake mtawa mchoraji Fere Seyon alifanya kazi katika eneo la Ziwa Tana. Katika michoro inayohusishwa naye na wafuasi wake, Mtoto hunyoosha mkono akakigusa kidevu cha mama yake, au hushika ndege mdogo. Rangi zake ni bapa na zisizo na kivuli, na macho ni makubwa yenye kutazama moja kwa moja. Baadaye, Wajesuti walipoingia nchini humo, walileta nakala za picha nyingine mashuhuri ya Roma, ile ya Kanisa la Maria Mkuu. Waethiopia waliipokea ishara yake ya mikono ya Maria iliyopishana, wakaitia katika mtindo wao wenyewe.

Hapa Kenya, mfano unaostahili kutajwa ni michoro ya ukutani ya Kanisa la Mtakatifu James mjini Murang'a. Kanisa hilo la Kianglikana lilijengwa kama kumbukumbu ya Wakristo waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwaka 1959, Elimo Njau, msanii aliyezaliwa Tanzania mwaka 1932 na kusomea Chuo Kikuu cha Makerere, alichora humo michoro mikubwa mitano: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Njau ndiye aliyekuja kuwa mmoja wa waanzilishi wa kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mnamo mwaka 1965.

Katika michoro hiyo Yesu ni Mwafrika na mandhari ni ya Murang'a. Mwaka 1959 jambo hilo halikuwa dogo. Hali ya hatari ilikuwa bado haijaondolewa, na familia nyingi zilikuwa na wafu wa pande zote mbili. Kumchora Mtoto akizaliwa katika ngozi na ardhi ya watu hao kulikuwa kuwaambia kwamba habari ya mtoto anayekuja duniani huku kifo kinamngoja inawahusu wao wenyewe. Michoro hiyo inaanza na mtoto na kuishia msalabani. Ikoni ya Krete ilivibana vitu hivyo viwili katika ubao mmoja. Njau alivitandaza ukutani.

KUTOKA MACALDER HADI GOT KWER

Swali la sura ya Mtoto lina historia ya pekee katika Kaunti hiyo hiyo ya Migori. Chama cha kitume cha Lejio ya Maria kilianzishwa Dublin, Ireland, mnamo Septemba 7, 1921. Mwaka 1936 mjumbe wake, Edel Quinn, alifika Kenya, akakieneza katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki hadi alipofariki Nairobi mnamo Mei 12, 1944. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Wakatoliki wengi wa Nyanza Kusini walijitenga na kuanzisha kanisa lao, Legio Maria, chini ya uongozi wa Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko. Ondeto alipofariki mwaka 1991 alizikwa Got Kwer, mlima ulioko Migori ambao waumini huuita pia Kalvari, na hadi leo mahujaji huupanda kwa sala.

Waumini wa Legio Maria walihifadhi mengi ya Kikatoliki: rozari, kanzu, maneno ya Kilatini, na heshima kuu kwa Bikira Maria. Walichokibadilisha ni jibu la swali kwamba Mama na Mwana ni wa nani. Kwao, Mama Maria alikuja miongoni mwa Waafrika akiwa mwanamke mweusi, na wengi wao humwona Ondeto kuwa Masihi aliyewajia watu weusi. Kanisa Katoliki halikukubaliana na mafundisho hayo, wala makala haya hayakusudii kuamua baina ya imani hizo mbili. Lakini yeyote anayezungumzia picha ya Mama na Mtoto katika eneo hili hawezi kulipita jambo hilo kimya. Watu walikuwa wameitazama picha iliyotoka mbali kwa muda mrefu, kisha wakauliza kwa sauti kama nuru ile iliwahusu na wao pia.

Inafaa kukumbuka kwamba Gaudencia Aoko alipoanza kuhubiri alikuwa mwanamke kijana aliyefiwa na watoto wake. Mama wa namna hiyo haisomi picha ya mtoto mwenye hofu kama anavyoisoma mtalii katika jumba la makumbusho. Msomi huona aina ya mchoro, karne na shule ya wachoraji. Mama aliyefiwa huona mikono midogo iliyomshika mtu mzima, na huyo mtu mzima asiweze kukizuia kinachokuja. Kusema kweli, mchoraji wa Krete alimkusudia huyo wa pili.

JINSI YA KUITAZAMA

Msomaji mwenye nakala ya picha hii nyumbani anaweza kufanya jaribio dogo. Aishushe ukutani, aifute vumbi, na aipeleke mahali penye mwanga wa kutosha. Aanze na usuli, akikumbuka kwamba manjano ile inasimama mahali pa dhahabu, nayo dhahabu inasimama mahali pa nuru isiyozama. Kisha afuate macho ya Mtoto hadi kwa malaika aliyebeba msalaba. Ashuke mguuni, akione kiatu kinachoning'inia. Mwisho aitazame mikono, na huko akae kwa muda.

Atagundua kwamba picha aliyoizoea kama ya faraja haianzii kwenye faraja. Inaanzia kwenye hofu, na haiifichi. Jina lake, Msaada wa Daima, huwafanya wengi watarajie mama anayeondoa hatari. Picha yenyewe haiahidi hivyo. Msalaba haujaondolewa mikononi mwa Gabrieli, na mkuki bado umo mikononi mwa Mikaeli. Kilichotolewa ni mkono wa kushika.

Waumini huiadhimisha siku ya Mama wa Msaada wa Daima kila Juni 27. Kwa walioko Macalder, ambako wazazi hushuka ardhini kila asubuhi na watoto hubaki wakingoja, hofu ya mtoto huyu haihitaji mkalimani. Mama yake ameuacha mkono wake wazi, na yeye ameshika kidole kwa mikono yote miwili.